Msomaji Aliye Nyuma ya Sauti

Kabla hadithi fupi haijapewa mashine iisome, lazima mtu aisome kwanza kwa kinywa chake mwenyewe. Huisoma taratibu, kalamu mkononi, akitia alama mahali pumzi inapokatika, mahali jina linapotaka kutamkwa kikwao, mahali mhusika anapouliza swali bila kutanguliza "je". Sauti itakayosikika kwenye simu ni ya kompyuta, lakini usomaji ni wa mtu huyu. Kazi yake haijapata jina lililozoeleka, tumwite mtayarishaji.

Nataka kuisifu kazi hiyo nikiwa upande huu wa Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Embu, Chuka na Meru. Huku, kuandaa maneno kwa ajili ya masikio ya wengine ni ufundi wa tangu jadi. Wakikuyu walikuwa na gĩcaandĩ, kibuyu kilichochorwa alama kwenye ganda lake. Mghani alikitikisa huku akiimba, na alama moja baada ya nyingine ikamkumbusha fumbo linalofuata. Padri Vittorio Merlo Pick wa shirika la Consolata alikusanya vitendawili na tungo hizo katika kitabu cha Ndaĩ na Gĩcandĩ, kilichotoka 1973. Nikitazama nakala ya hadithi iliyoandaliwa kwa ajili ya akili unde, imejaa vistari, mikato na tahajia ambazo mwalimu yeyote angezitilia wino mwekundu, nakikumbuka kibuyu hicho. Hayo nayo ni maandishi yasiyokusudiwa macho ya msomaji. Yamekusudiwa kinywa cha msimulizi.

Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mpiga gĩcaandĩ kuwa msimulizi wa riwaya yake ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka 1980. Miaka sita baadaye, katika Decolonising the Mind, alieleza jinsi watu walivyoipokea. Nyumbani jioni, aliyejua kusoma aliwasomea wengine. Kazini, wafanyakazi walikusanyika wakati wa chakula cha mchana na mmoja wao akasoma. Kwenye baa, msomaji alifika penye utamu, akakiweka kitabu chini hadi glasi yake ijazwe tena. Msomaji wa baa alijua thamani ya kunyamaza. Alijua kwamba hadithi ina mahali pa kukatia: ukikata mapema hamu haijapanda, ukichelewa utamu umekwisha kumwagika. Hakuna aliyeandika majina ya wasomaji wale, lakini bila wao riwaya ile isingewafikia maelfu ambao hawakuwahi kuifungua.

Karatina nayo ilikuwa na Gakaara wa Wanjaũ. Alizaliwa 1921, akaandika, akachapa na akauza mwenyewe vijitabu vya Kikuyu, pamoja na jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi. Serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini mwaka 1952, na kumbukumbu alizoandika huko zilipochapishwa 1983 zikampatia Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Visa vyake vya Wa-Nduuta vilikuwa vifupi, vya kuchekesha na vya kukera, vya kusomwa kwa mkao mmoja. Gakaara alielewa kwamba hadithi fupi ni chombo cha watu wenye shughuli nyingi.

Watu hao bado wana shughuli nyingi. Anayechuma majani chai Othaya au Tetu ana mikono miwili iliyojaa kazi na masikio mawili yaliyo huru. Anayechuma kahawa Mathira ni vivyo hivyo, na mwenye kibanda cha viazi katika soko la Karatina, na abiria wa matatu anayetoka Nyeri kwenda Nairobi, safari ya kilomita kama 150. Redio za lugha za mama zilitambua hilo zamani; Kameme FM ilianza kurusha matangazo kwa Kikuyu mwaka 2000, na tangu hapo shamba lisilo na redio limekuwa adimu. Kuna pia wale ambao kwao sauti si starehe tu. Igoji, katika Kaunti ya Meru, kuna shule ya St. Lucy ya wanafunzi wasioona. Kitabu cha nukta nundu huchukua nafasi kubwa na hutengenezwa kwa gharama. Hadithi ya sauti huingia kwenye simu iliyo mfukoni.

Kurekodi sauti ya mtu mwenye kipaji ndiyo njia bora, na sidhani kuna mtu wa fani hii atakayelikana hilo. Lakini chumba cha kawaida mjini Nyeri kina paa la mabati, na masika yakiingia, Machi hadi Mei, mvua huzima kila neno. Ikikatika mvua, bodaboda hupita, mbwa wa jirani hubweka, kengele ya kanisa hulia. Studio yenye kuta zilizozibwa sauti hulipiwa kwa saa, na msomaji hodari naye hulipwa, kama inavyostahili. Kwa mwandishi wa hadithi ya maneno 2,000 ambayo haijamletea hata nauli, gharama hiyo humaliza mjadala. Hapo ndipo sauti ya mashine inapopata uhalali wake: kwa ile hadithi ambayo, bila hiyo, isingesikika kabisa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Chukua sentensi hizi, ambazo nimezitunga kwa ajili ya makala haya:

Saa 2 usiku Gathoni alisikia hodi. "Umekuja peke yako?" aliuliza. Nje kulikuwa na giza tii, na barabara ya kwenda Mukurweini haikuonekana.

Msomaji wa kawaida hupita hapo bila kujikwaa. Mtayarishaji huona mitego mitano.

Wa kwanza ni tarakimu. Sauti nyingine husoma "saa mbili", nyingine huteleza zikasema nambari hiyo kwa Kiingereza. Mtayarishaji hasubiri kuona. Huandika kwa maneno. Mwaka 1952 huwa "elfu moja mia tisa hamsini na mbili", Sh50 huwa "shilingi hamsini", na M-Pesa huandikwa "Empesa" ili isikike jinsi kila mtu sokoni anavyoitamka.

Wa pili ni jina, na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Kwa Kikuyu, th ya Gathoni ni nzito, ni ile ya "dhahabu" wala si ya "thamani". Na g yake haigongi kama ya "gari", hukwaruza kooni kama ya "ghali". Sauti ya Kiswahili iliyoona "Gathoni" itasoma herufi jinsi Kiswahili kinavyozisoma, na mtu wa Nyeri atasikia jina la mgeni. Basi mtayarishaji huandika "Ghadhoni". Herufi ambazo Kiswahili huzitumia hasa kwa maneno yaliyotoka Uarabuni kupitia pwani ndizo zinazookoa majina ya watu wa mlimani. Nimelisikia jina hilo kabla na baada ya kusahihishwa, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi: kabla yake hadithi ilikuwa ya mtu fulani mahali fulani, baada yake, Gathoni alikuwa wa hapa.

Mukurweini ni mtego wa tatu. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake, zinazoandikwa ĩ na ũ, hukaa karibu na e na o za Kiswahili. Tahajia ya ramani huziacha alama hizo, na mashine haina namna ya kuzikisia. Kwenye nakala yake, Mũkũrwe-inĩ huwa "Mokorweine", na Kĩrĩnyaga huwa "Kerenyaga". Haikaribii ukamilifu, kwa sababu Kikuyu ni lugha ya toni na hakuna tahajia ya Kiswahili iwezayo kubeba kupanda na kushuka kwake. Lakini msikilizaji wa Mukurweini atajua ni kwao kunakosemwa.

Mtego wa nne ni swali. "Umekuja peke yako" inaweza kuwa taarifa, inaweza kuwa swali, inaweza kuwa lawama. Kiswahili hukiachia kiimbo kazi yote hiyo. Alama ya kuuliza huisaidia mashine kupandisha sauti mwishoni, lakini huipandisha kwa namna moja tu, namna ya karani anayejaza fomu. Gathoni ameingiwa na hofu. Swali lake linapaswa kuanza juu na kushuka. Mtayarishaji hujaribu: huigawa sentensi kwa mkato, "Umekuja, peke yako?", au hutoa alama ya kuuliza na kuweka nukta tatu, kisha husikiliza. Mifumo mipya haisomi sentensi ileile kwa namna ileile mara mbili, kwa hiyo huizalisha tena na tena, akitunza kila jaribio, hadi litokee lile lenye hofu ndani yake. Hapo ndipo anapojulikana fundi. Mashine imetoa majaribio kadhaa na haijui lipi ni zuri. Yeye anajua, na anajua kwa sababu alikwisha kulisikia kichwani mwake kabla hajaanza.

Wa tano ni "tii". Tanakali za sauti ni viungo vya usimulizi wa Kiswahili: giza tii, nyeupe pe, alianguka pu, kimya kikatanda ji. Bibi anayesimulia huivuta "tii" hadi mtoto anajisogeza karibu naye. Mashine huitaja kama neno lingine lolote na kuendelea na safari yake. Mtayarishaji huongeza irabu, "tiiii", huweka mkato kabla yake na kituo kirefu baada yake. Ikikataa, huikata sehemu hiyo na kuipunguza mwendo peke yake. Yote hayo kwa neno moja fupi, na hayapotei bure, kwa sababu neno hilo ndilo lililobeba usiku mzima wa hadithi.

Neno "barabara" hapo juu halina shida, kwa kuwa mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo karibu kila neno la Kiswahili. Lakini sentensi inayofuata ikisema kwamba Gathoni alimjua mgeni huyo barabara, yaani vizuri kabisa, mkazo unahama, na mashine haitauhamisha. Njia rahisi ingekuwa kuandika "vilivyo". Mtayarishaji mwadilifu hafanyi hivyo. Neno ni la mwandishi. Anachoruhusiwa kugusa ni tahajia ambayo mashine pekee itaiona, na ikishindikana kabisa, humpigia mwandishi simu na kumwomba ruhusa. Ndiyo sababu huweka nakala mbili, moja ya mwandishi isiyoguswa, na moja ya mashine iliyojaa alama. Heshima ya ufundi huu imo katika kutenganisha nakala hizo mbili.

Kisha kuna suala la nani azungumze. Mifumo ya leo inaweza kumpa kila mhusika sauti yake, na kishawishi ni kikubwa. Watayarishaji bora niliowasikiliza hukataa. Huchagua msimulizi mmoja na kumwacha abebe wote, jinsi bibi alivyokuwa fisi na sungura kwa koo moja, kwa sababu hadithi fupi huishi katika mtazamo wa anayeisimulia. Na hadithi ikianza kwa "Paukwa!", hawaifanyi mashine ijijibu. Wanaacha kituo cha kutosha mtu kusema "Pakawa!" huko aliko, shambani au jikoni, kama ambavyo msimulizi wa Kikuyu husema "Ugai itha!" na kungoja. Kituo hicho kimekadiriwa: kikiwa kifupi humkatiza msikilizaji, kikiwa kirefu atadhani simu imezima.

Vipande vikipatikana, huunganishwa. Sentensi iliyozalishwa peke yake mara nyingi huanza kwa nguvu mpya, na ikishonwa na iliyotangulia mshono huonekana. Mtayarishaji husawazisha kiwango cha sauti. Soko la vitabu vya sauti la ACX, kwa mfano, hutaka wastani uwe kati ya desibeli −23 na −18, na kilele kisizidi −3. Lakini kipimo cha kweli ni spika ndogo ya simu ya bei nafuu, na kipokea sauti kimoja sikioni ndani ya matatu iliyo kwenye gia ya pili. Ikisikika humo, imefaulu. Faili nalo hupunguzwa: MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, mkondo mmoja, hufanya hadithi ya robo saa iwe na megabaiti 7 na kitu, ambazo mtu anaweza kuzimudu kwa bando la siku na kuzituma kwa WhatsApp kwa shangazi yake aliyeko Nanyuki.

Sauti zenyewe zilitoka kwa watu. Mwaka 2016 kampuni ya DeepMind ya London ilionyesha WaveNet, mfumo ulioliunda wimbi la sauti chembe kwa chembe, maelfu kwa sekunde, baada ya kujifunza kutoka rekodi za wasomaji. Siku hizi Microsoft ina sauti za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi. Mwaka 2023 Meta ilitoa mfumo wa lugha zaidi ya 1,100, Kiswahili kikiwemo, uliojifunza hasa kutokana na Agano Jipya lililosomwa kwa sauti. Sishangai basi nikisikia ugomvi wa mama wawili sokoni ukisomwa kwa utulivu wa ibada. Kuishusha sauti hiyo kutoka altarini hadi kwenye kibanda cha viazi ni sehemu ya kazi ya mtayarishaji. Kwa lugha zetu za nyumbani safari ndiyo inaanza. Mradi wa African Next Voices umekusanya saa 9,000 za usemi katika lugha 18 za Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, na Kikuyu kimo. Manufaa ya kwanza ni kwa mashine za kutambua usemi, lakini siku Kikuyu na Kimeru zitakapopata sauti nzuri za kusimulia, msingi wake utakuwa watu waliokubali kuketi na kuzungumza.

Kukubali ndilo neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki. Kunakili sauti ya mtangazaji mpendwa au ya marehemu babu bila idhini ni wizi, hata nia ikiwa njema. Hadithi nazo zina wenyewe. Hakimiliki ya Kenya hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Gakaara alifariki 2001. Anayetaka kuvipa sauti visa vya Wa-Nduuta leo ana familia ya kuiomba. Kwa wasioona mlango ni mpana zaidi, kwa kuwa Kenya iliridhia Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaoruhusu nakala zinazowafaa kutengenezwa bila vikwazo vya kawaida. Ningependa kuona watayarishaji wa miji hii wakianzia hapo, kwa wanafunzi wa Igoji, kwa sababu msikilizaji asiyeona ndiye mhakiki mkali kuliko wote. Amesikiliza sauti za mashine maisha yake yote, na huijua papo hapo ile iliyoandaliwa na mtu anayejali.

Kuna wanaoogopa kwamba kazi hii itamfukuza msomaji wa kibinadamu. Hofu hiyo naiheshimu, na panapokuwa na fedha ya kumlipa msomaji, alipwe yeye. Lakini nilichokiona katika kazi iliyofanywa vizuri ni kinyume cha kumfukuza mtu. Mtu anayejua Kiswahili hadi kwenye mkazo wa silabi, anayejua Kikuyu hadi kwenye g ya Gathoni, aliyekaa miguuni pa wasimulizi akajifunza wapi pa kunyamaza, ndiye pekee anayeweza kuifanya mashine isikilizike. Asiye na ujuzi huo hubonyeza kitufe, na katika dakika ya kwanza msikilizaji anazima.

Ujuzi huo utambuliwe basi. Redioni hutajwa fundi mitambo, kitabuni huandikwa jina la mhariri, na hata kwenye kijitabu cha sokoni Karatina mchapishaji alitia jina lake. Kila hadithi ya sauti ianze kwa kumtaja mwandishi, iseme wazi kwamba sauti ni ya akili unde, kisha imtaje kwa jina mtu aliyeiandaa. Sekunde kumi zinatosha kwa hayo yote, na hakuna hadithi fupi kiasi cha kushindwa kuzitoa.